Chavua Ndani ya Chupa ya Chai

Mmeniuliza mmoja mmoja, kanisani, dukani na hata mlangoni kwangu, safari ilikuwaje, na wote nimewajibu "salama tu" kisha nikageuza mazungumzo. Najua hamkuridhika. Mmoja wenu aliniambia usoni kwamba tangu nirudi nimekuwa mkali kuliko kawaida, na kawaida yangu mnaijua. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitafika katikati ninyamaze. Habari za vibali na barua za kazi hii naziacha, zilinichosha vya kutosha mara ya kwanza.

Kazi yangu mnaijua. Miaka thelathini na zaidi nimefuatilia okidi, ile mimea inayoota juu ya miti bila kuunyonya mti. Mnaijua pia iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Magogoni, Kisauni, niliyoifunga kwenye gogo, maana mmenisema sana kwa kuiwekea maji ya mvua wakati majirani wanahangaika na mitungi. Ile niliitoa kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Kinango nikiwa kijana, na sijawahi kuiona mahali pengine popote. Kila mwaka hutoa ua moja au mawili, meupe, yenye mkia mrefu, yanayonukia jua likishuka. Lakini haizai. Ua la aina hii halijichavushi lenyewe, linataka chavua ya mmea mwingine wa jamii yake. Na jamii yake huko kilimani imekwisha. Miti ilichomwa makaa, na mimi mwenyewe nilichukua zaidi ya kumi kwa ajili ya makabati ya mimea iliyokaushwa huko Nairobi, kwa jina la elimu.

Sasa, Jumatatu ile, Umazi akanipigia simu. Umazi ni binti wa marehemu Nyamawi, mrina asali aliyekuwa akinipandia miti siku zile. Akaniambia ameona ua moja bondeni, juu ya mti mkubwa uliobaki peke yake, na limechanua. "Ni lile lile, baba," akasema. "Jeupe, lina mkia." Na la hapa kwangu lilikuwa limechanua wiki hiyo hiyo. Nikifika na chavua ya langu, nikalipaka lile, litazaa ganda lenye mbegu maelfu, na kilima kile kitakuwa na okidi tena hata mimi nikiwa nimekufa. Hilo tu ndilo nililolitaka, na sikutaka kingine.

"Nakuja Alhamisi," nikamwambia. "Lisiharibike kabla sijafika. Jingine hakuna."

"Usiwe na wasiwasi, baba."

Simu ikakatika, na sikuona haja ya kupiga tena.

Magogoni hadi Port Reitz

Chavua ya okidi si unga kama ya mahindi. Ni mabonge mawili ya manjano, madogo kuliko punje ya mtama, yenye gundi kwenye kishina. Niliyatoa kwa kijiti cha meno, nikayatia kwenye kichupa cha vidonge pamoja na pamba, na kichupa nikakizamisha ndani ya chupa ya chai niliyoijaza barafu. Joto letu huiua chavua kwa siku moja au mbili. Ikikaa baridi huvumilia zaidi ya wiki.

Nilikuwa niende na Mutua. Huyu ni dereva wa bandarini, Mkamba, mwimbaji wa kwaya, anakaa Port Reitz, na kanisa lake lilikuwa limemwomba apeleke mabati kwenye kanisa changa la huko Ndavaya kwa pikapu yake. Tuliagana saa moja asubuhi. Nilifika saa moja kasorobo nikakuta pikapu tupu na Mutua amevaa kandambili, anapiga mswaki nje ya mlango.

"Mwalimu, mabati ziko ndani ya stoo, na mwenye ufunguo alilala kazini airport. Akitoka tunapakia. Usijali."

Nilijali. Nikaenda kukaa kwenye kibanda cha chai kilichojaa watu waliotoka zamu, nikaagiza chapati mbili na maharagwe, nikaweka chupa yangu mezani. Mwenye kibanda, mama mmoja aliyejifunga leso, aliitazama ile chupa muda mrefu.

"Babu, hapa twauza chai."

"Najua, mama."

"Na hiyo yako waileta ya nini?"

"Si chai. Ni barafu."

"Barafu na chapati," akawaambia wengine, na kibanda kizima kikageuka kunitazama nikila. Sikuwa na moyo wa kueleza. Nikaagiza chai nisiyoitaka, nikainywa yote ili tuelewane. Mwenye ufunguo alitokea saa nne, macho mekundu kwa usingizi, na tulipomaliza kupakia ilikuwa inakaribia saa sita.

Port Reitz hadi Mtongwe

Matrela yalitushika Changamwe kwa karibu saa nzima. Tulipoingia barabara mpya ya Dongo Kundu ndipo upepo ukapita dirishani. Watu husifu madaraja yale na mikoko iliyo chini yake. Mimi nina ugonjwa wa kazi, nikipita mahali siangalii mandhari, naangalia matawi ya miti na kile ambacho hakipo juu yake. Tangu Miritini mpaka tunavuka madaraja sikuona hata jani moja la okidi, na nakumbuka zamani nilikuwa nikiziona upande huo bila kushuka kwenye gari.

Hapo simu ya Mutua ikalia. Alisikiliza, akasema "pole sana" mara tatu, akapunguza mwendo.

"Ni bass wetu wa zamani wa kwaya, Mwalimu. Alihamia Mtongwe. Anazikwa leo. Gari ya kubeba mwili imekufa njiani, na wamesikia niko na pikapu karibu."

"Wamesikia kwa nani?"

"Nimewaambia mimi."

Mnajua wenyewe kwamba kwetu mtu hapiti msiba akiwa na gari, na kusema gari limejaa si udhuru, maana mabati hushushwa. Nilikunja mikono juu ya chupa yangu na kuhesabu saa. Nilikuwa nimeweka nafasi ya kuchelewa nusu siku, na nusu siku yenyewe ilikuwa imeshakwenda na chapati.

Mtongwe

Tulishusha mabati kwenye ua wa wafiwa, tukayaegemeza ukutani, na Mutua akaenda mochari na wanaume wanne. Mimi nilibaki na akina mama waliokuwa wakisonga ugali wa watu wengi. Bibi mmoja alinyoosha kikombe kuelekea chupa yangu, nikalazimika kumwambia haina chai, akanigeuzia mgongo.

Alasiri nilifungua kifuniko nikakuta maji matupu. Nikatoka kutafuta barafu. Dukani kwa mama mmoja, Bi Zulekha, niliona friji kubwa ya barafu za ukwaju za watoto. Nikamsalimu, akaitikia vizuri, nikamwomba anijazie barafu, na kichupa kikae kwenye friji yake kwa saa moja kwanza, kipoe.

"Kichupa cha nini, mzee wangu?"

Nilikuwa nimechoka, nikajibu la kwanza lililonijia. "Ni mbegu za kiume."

Bi Zulekha alirudi nyuma hatua moja. "Mbegu za kiume? Kwenye friji ya watoto? Wallahi mzee, toka dukani kwangu."

"Za ua, mama. Ua la juu ya mti."

Alinitazama mpaka nikaanza kutoka jasho. Ikabidi nieleze. Nilimweleza yote: kwamba langu liko peke yake Kisauni na lile liko peke yake Kinango, kwamba halizai bila mwenzake, kwamba zamani nondo mwenye ulimi mrefu ndiye aliyekuwa mshenga wao na sasa umbali umemshinda, na kwamba lile la bondeni likikatwa tu, habari imekwisha. Ilichukua dakika kumi. Bi Zulekha akaweka kiwiko mezani.

"Kwa hiyo wewe ndiye nondo."

"Naam."

"Na umekaa msibani Mtongwe, nalo ua lakungoja." Akachukua kichupa kwa vidole viwili, akakiweka ndani ya friji, juu kabisa, mbali na barafu za watoto, akakifunika kwa kitambaa. Saa ilipokwisha alinijazia chupa barafu mpaka mdomoni na kukataa kupokea chochote. "Inshallah ufike," akasema. Nilitoka pale na furaha ya kipumbavu, ile ya mtu aliyeeleweka.

Niliporudi, ibada ilikuwa imeanza, na nikafika kusikia kaka wa mjane akitoa shukrani. Alishukuru kwaya, alishukuru majirani, kisha akawashukuru "ndugu zetu wa Port Reitz walioona nyumba ya marehemu inavuja, wakaja na mabati." Watu wakaitikia amina. Mjane akainua uso kututazama. Mutua, aliyekuwa amebeba upande mmoja wa jeneza tangu saa tisa, aliinamisha kichwa, na kila mtu akaona ni unyenyekevu.

Maziko yalikwisha jioni. Hatukuweza kuondoka na mabati machoni pa watu, na hatukuweza kuondoka bila mabati. Tulilala pale. Ijumaa asubuhi wazee walikaa na Mutua kwa muda wa karibu saa tatu, huku mimi nikila muhogo wa nazi ambao siku nyingine ningeusifu. Mwishowe mabati sita yakabaki Mtongwe na mengine yakapakiwa. Mjane ndiye aliyetusaidia kuyafunga kamba. "Tusameheane," akamwambia Mutua, "kaka yangu hutangulia kusema." Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimenuna tangu jana, lakini sikuacha kununa.

Nilimpigia Umazi mara nne. Simu yake hushika mtandao akiwa juu ya kilima tu, na hakuwa huko.

Mtongwe hadi mtoni

Kuanzia Kwale mbingu ilikuwa nyeusi. Kinango tulinunua nyama choma kidogo tukaila tumesimama, na mwenye kuuza akatuambia ng'ambo mvua imenyesha tangu jana, tusijidanganye. Mutua akasema Mungu yupo. Baada ya hapo barabara ikawa udongo mweusi unaoshika magurudumu na kuyaachilia pale upendapo wenyewe. Tulishuka kusukuma mara mbili. Kila niliposukuma, chupa niliifunga kifuani kwa shuka, na Mutua akaniuliza kama nanyonyesha mtoto.

Mtoni tulifika saa kumi. Pale hakuna daraja, kuna sakafu ya saruji iliyomwagwa chini ili magari yapite maji yakiwa machache. Siku ile sakafu haikuonekana. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita kwa kelele, yamebeba matawi na ndoo ya mtu. Kutoka pale hadi kwa Umazi ni mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Mtoni

Tulikuwa watu tisa tuliokwama upande wetu. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aitwaye Chaka, Mduruma wa huko huko, ambaye ndugu zake walikuwa ng'ambo na kamba ndefu. Kabla jua halijashuka walimrushia kamba, akajifunga kiunoni, akavua viatu. Nilikuwa nimemwambia naenda kwa Umazi, na njia yake ilipita karibu na hapo.

"Mwalimu, una neno nikupelekee?" akaniuliza. "Au hiyo chupa?"

Chupa niliikumbatia. Kumpa mtu anayevuka kwa kamba chavua ya mwisho niliyokuwa nayo, mtu asiyejua hata kuishika, sikuweza. Nikawaza neno la kumtuma. Nakumbuka kabisa kwamba niliwaza kumweleza habari ya chavua, nikaona ni maneno mengi, maji yana kelele, na yeye ana haraka.

"Mwambie nimefika mtoni," nikasema. "Nimechelewa, lakini nakuja."

Akavuka. Maji yalimfika kifuani, akateleza mara moja, wakamvuta. Alituinulia mkono toka ng'ambo na kupotea vichakani.

Jumamosi kutwa tulikaa. Mama mmoja wa jirani alituletea mihogo ya kuchemsha na chumvi, akakaa kututazama tukila, akatuuliza tunakwenda kwa nani, na tulipomwambia akasema Umazi ni mtu wa kazi, hana mchezo, kama baba yake. Nilichomeka kijiti ukingoni kupima maji. Yalikuwa yanashuka upana wa kidole kwa saa. Barafu ikayeyuka tena, nikaifukia chupa kwenye mchanga wenye maji mahali penye kivuli, nikakaa karibu nayo. Mutua aliimba nyimbo zote anazozijua. Mimi nilikuwa na matumaini, ndiyo, naomba mliamini hilo. Ua la aina ile hukaa wiki mbili, na lile lilikuwa na siku nane au tisa. Nilikaa kwenye jiwe nikipanga ni mkono upi utakaoshika tawi na ni upi utakaoshika kijiti.

Kwa Umazi

Jumapili asubuhi maji yalikuwa chini ya magoti. Mutua akaogopa kuipitisha pikapu mpaka mchana, kwa hiyo nilivuka kwa miguu peke yangu. Nilikwenda haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Nilipita lile bonde. Nikauona mti, mkubwa kweli, umesimama peke yake katikati ya visiki, na nikaona kwenye gome alama mpya za kamba ya kupandia. Nikajiambia Umazi amepanda kulitazama. Juu sikuona jeupe lolote, nikajiambia macho yangu yamezeeka.

Umazi alikuwa ametoka kanisani, bado ana gauni lake zuri. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mikono ya baba yake. "Shikamoo, baba," akasema, akanipokea mkoba, akanipa maji. "Pole na mto. Chaka alitueleza."

"Marahaba, mwanangu. Ua liko?"

Akatabasamu. "Lipo. Kaa kwanza unywe maji."

Akaingia jikoni, penye uchaga juu ya meko, akatoka na mbao mbili zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli, akaziweka mapajani mwangu kwa mikono miwili. Nilizijua mbao zile. Nilimpa Nyamawi mimi mwenyewe, azitumie kubania na kukaushia mimea niliyomtuma.

"Ijumaa Chaka alipotuambia umekwama," akasema, "na ile mvua, niliona pembeni laanza kugeuka rangi. Nikasema, baba atafika akute limeoza, na alisema lisiharibike. Jumamosi mapema nikapanda."

Nikafungua. Magazeti yalikuwa makavu, yenye joto la meko. Ndani okidi ilikuwa imelazwa nzima: mizizi yote, imechokolewa kwenye gome bila kukatika hata mmoja, majani mawili yamegeuzwa ili upande wa chini uonekane, na ua moja limefunguliwa, mkia wake umenyooshwa. Sijawahi kuona mmea uliolazwa vizuri namna ile. Wanafunzi niliowafundisha miaka na miaka hawakufikia pale.

Moyo wangu ulikuwa bado haujafa, na nitawaambia kwa nini. Okidi ni ngumu kufa. Ukiilaza ndani ya magazeti huishi humo wiki kadhaa, na hata kutoa chipukizi gizani. Kwa hiyo sisi wenye kazi hii tuna desturi: mmea mnene huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka, ufe mara moja, ndipo ukauke. Si kila mtu hukumbuka.

"Umazi," nikasema, "uliichovya?"

"Niliichovya, baba. Mara mbili, maana majani ni manene. Baba alikuwa akisema ukisahau hilo Mwalimu hukasirika."

Ni kweli, nilikuwa nikikasirika. Nilitoa kioo changu cha kukuzia nikalitazama ua. Mabonge mawili ya chavua yalikuwa mahali pake, yameiva kwa maji ya moto, ya kahawia kama mchele ulioungua. Nikalikwaruza shina kwa ukucha. Ndani hapakuwa na kijani.

Chini ya mmea kulikuwa na karatasi ya daftari la shule. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa safi: mti gani, urefu gani kutoka ardhini, rangi kabla halijachovywa, harufu, ambayo alisema ni ya maziwa na ndimu, na mwisho, kama nilivyomfundisha baba yake kuandika kila mara, aliyekusanya. Hapo alikuwa ameandika jina langu.

"Ni sawa?" akauliza.

Nilitaka kulia na sikulia. "Umefanya kazi nzuri kuliko wanafunzi wangu wote," nikasema. Lilikuwa neno la kweli. Akafunika mdomo kwa kiganja, akasema baba yake angefurahi, na akaenda kuchinja kuku. Tulikula wali wa nazi na kuku na mchicha. Nilikula kila kilichowekwa, kwa sababu ningekataa angeuliza. Aliuliza tu chupa ina chai ya aina gani nisiyoinywa, nikamwambia imekwisha.

Mutua alifika jioni na mabati na matope mpaka paani. Jumatatu wakati wa kuagana, Umazi alisimama kwenye dirisha la gari. "Nimeshawaambia wanangu na wana wa Chaka," akasema, "watazame kila mti mpaka mpakani. Likionekana jingine nitakufanyia vivyo hivyo, hata usisumbuke kuja."

Nikamwambia asante. Gari likaondoka.

Kurudi

Mto ulikuwa mchanga na madimbwi. Mutua aliniuliza kama nimelipata, nikamwonyesha mbao, akasema Mungu ni mwema. Tulipokaribia Mtongwe alitaka kupita kuwajulia hali wafiwa. Nilimwomba tusipite, maana duka la Bi Zulekha liko njiani, naye angetoka kuniuliza. Akanipeleka moja kwa moja, hakunidadisi, na kwa hilo namshukuru.

Nyumbani nililikuta ua langu limenyauka, kama ilivyo kawaida yake. Kichupa nilikimwaga kwenye jaa. Zile mbao niliziweka juu ya kabati, na kwa siku tano mkawa mnanisalimu nami nawajibu "salama tu." Nilikuwa nimeamua kwamba Umazi hatajua kamwe. Niliona ni huruma. Lakini kila nikilala namuona amefunga kamba kiunoni, anapanda mti mwingine, na sufuria yake iko motoni. Kama kuna jingine, na huenda lipo, maana hilo nalo sikulitegemea, litakufa kwa sababu ananipenda na mimi nimeona haya.

Jana mchana nilimpigia mpaka akapatikana. Alikuwa juu ya kilima, namsikia anahema. Nikamwambia, ukiliona jingine usilikate, usiliguse, nipigie tu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kama nilivyomweleza mwenye duka wa Mtongwe, tangu mwanzo: langu la Magogoni, lile la bondeni, chavua, nondo, na kilichokuwa ndani ya chupa ya chai. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia mbuzi na upepo.

"Basi lile nililolichovya," akasema, "lilikuwa la mwisho, na lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima."

"Na yale aliyokuchumia baba siku zile?"

"Na yale pia."

Nilidhani mtandao umekatika, nikaita jina lake.

"Nipo," akasema. "Ungetuambia tu, baba. Tungeyalinda."